Mtu wa Kofia katika Ghala la Pamba

Barisa alizikwa kabla sijafika. Habari ya kifo chake ilinipata Malindi kwa simu, asubuhi, na nilipoingia nyumbani kwa wanawe nje kidogo ya Garsen watu walikuwa wamekwisha kurudi kutoka makaburini, wamenawa, wameketi kwenye mikeka wakinywa chai ya maziwa. Walinipisha nafasi ukutani kwa sababu ya mgongo wangu. Mzee mmoja wa Kiorma, ambaye sikumtambua, akawaambia wengine kwamba mimi ndiye rafiki wa marehemu wa tangu ujana, na kwamba nikiwa na pumzi niseme mawili matatu juu yake. Nikasema. Nilisema juu ya ng'ombe wake, jinsi alivyoweza kumtambua fahali wake kwa mbali kwa mwendo wa nundu tu. Nilisema juu ya ukarimu wake. Nilisema kwamba sikupata kumsikia akipaza sauti. Yote hayo yalikuwa kweli, na watu wakaitikia kwa kutikisa vichwa, na mimi nikanywa chai yao. Nimerudi nyumbani sasa ni wiki ya tatu, na kila nikikaa kusoma nayasikia yale maneno yangu, jinsi yalivyopangika vizuri. Kwa hiyo naandika habari za mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya hamsini, mwaka ambao niliona picha ya majambazi ndani ya ghala la pamba, nikawafasiria watu, na rafiki yangu akiwa mmoja wao.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu wa shule ya madarasa mawili, kijana wa misheni niliyesomea Golbanti na kujiona kwamba nimesoma sana. Nilipanga chumba nyuma ya duka la Bwana Omari. Kilikuwa na kitanda cha kamba, meza iliyokuwa sanduku la chai, kiti kimoja, na dirisha lisilo na kioo lililotazama Mto Tana. Kati ya chumba changu na duka palikuwa na ukuta wa mabati tu, hivyo maisha ya Bwana Omari niliyajua kwa sikio. Alikuwa mtu wa upande wa Kipini, na Kiswahili chake kilikuwa laini, cha kwao, hata akikukatalia kitu ulihisi umekirimiwa. Sisi wengine pale tulizungumza Kiswahili cha kukutania: Mpokomo na chake, Muorma na chake, Mgiriama na chake, kila mtu akiacha nusu ya maneno nyumbani. Nilizoea kulala mchana baada ya shule huku nikisikia, kupitia mabati, mazungumzo ya ngozi, ya kahawa, ya samli, na mara nyingine mazungumzo yaliyoshuka ghafla yakawa mnong'ono. Hayo ya mnong'ono niliyaelewa pia. Yalihusu pembe za ndovu, zilizofungwa katikati ya ngozi za ng'ombe na kupelekwa chini ya mto hadi pwani.

Aliyezileta zaidi ya mara moja alikuwa Barisa. Alikuwa amenizidi miaka mitano hivi, mrefu, mwenye meno meupe na kovu dogo kwenye kidevu, na akiingia dukani watu walisogea bila kuambiwa. Ukame wa miaka miwili nyuma ulikuwa umemaliza ng'ombe wa baba yake, wakabaki wale wa kuhesabika kwa vidole, na yeye akaamua kuwarudisha kwa njia anayoijua. Mimi na yeye tulijuana kwa sababu ya barua. Alikuwa na kaka yake Mombasa, na alinijia nimwandikie. Siku ya kwanza alikaa kwenye kiti changu pekee, mimi nikakaa kitandani, na akanitajia maneno polepole kana kwamba anapima kamba. Baada ya hapo alikuja hata bila barua. Aliniletea maziwa katika kibuyu kilichofukizwa moshi, nami nilimpikia wali wa Tana kwa sababu kambare wangu hakuwataka hata kuwaona.

"Wewe unakula nyoka ya maji," aliniambia.

"Na wewe unakunywa moshi."

"Moshi haina miba," akajibu, na tukacheka wote.

Nilimpenda. Lazima niseme pia kwamba nilimwonea wivu. Nilikuwa na viatu na kalamu na Kiingereza, na bado mtu akitupita wawili barabarani alimwamkia yeye kwanza. Siku moja aliacha chumbani kwangu furushi la gunia, akaniomba nimwekee chini ya kitanda mpaka arudi. Sikuuliza. Nililigusa kwa mguu usiku ule, likanijibu ugumu wake, nikageuka upande wa ukuta. Aliporudi alinieleza bila kuficha safari inavyokwenda: wapi anavuka, njia ipi ya ng'ombe anafuata nyuma ya Kilelengwani, na kwamba hapendi kwenda mpaka maji ya mto yawe yameshuka na nyasi zingali ndefu. Aliniambia kama mtu anavyomwambia mtu wake.

Bwana Nyama alikuja mwezi mmoja kabla ya mafuriko. Ndivyo tulivyomwita yule Mzungu wa wanyamapori, na jina lake jingine sikulijua. Alikuja asubuhi ya Jumamosi na askari mmoja, akabisha hodi kwa adabu, akakaa kwenye kiti. Alizungumza Kiswahili kizuri kuliko changu. Aliomba chai, nikamchemshia, na wakati anakunywa askari aliinama akavuta gunia jingine, la mara ya pili, ambalo Barisa alikuwa ameliacha siku nne nyuma. Bwana Nyama hakuligusa. Alisifu chai. Akasema amesikia kwa wakubwa wa shule kwamba nimeombewa nafasi ya chuo cha ualimu, na kwamba ingekuwa hasara kijana kama mimi kufungwa kwa mzigo usio wake.

"Mimi sikutaki wewe, mwalimu," alisema. "Wala gunia hili silitaki leo. Liache pale pale lilipokuwa. Namtaka mwenyewe, akiwa na mzigo mkononi. Wapi, na lini?"

Nimejiambia miaka mingi kwamba niliogopa tu. Niliogopa, ni kweli. Lakini kulikuwa na kitu kingine pale, kidogo, kama punje ya mchanga katika wali, na leo nakitaja: nilipoanza kusema, nilifurahia jinsi yule mtu alivyonisikiliza. Nikataja njia ya ng'ombe nyuma ya Kilelengwani. Nikasema, wiki ya kwanza maji yakishuka. Akamaliza chai yake, akanishukuru, akaondoka.

Kisha maji yakaja. Mto ule hujaa bila mvua ya kwetu. Mvua hunyesha huko bara, mbali, na sisi huku chini tunaamka tukakuta migomba imesimama ndani ya maji chini ya jua kali. Mwaka huo ulijaa vibaya. Kivuko kilifungwa, kamba yake ikafungwa kwenye mti wa mkuyu isichukuliwe, barabara ya Malindi ikawa ziwa, na Garsen ikawa kisiwa cha maduka, shule, na ghala moja la pamba. Kati ya waliokwama alikuwamo Mwakio, Mtaita mwenye lori la sinema la serikali. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye wasiwasi, aliyevaa kaptula ya kaki na kutembea na kitambaa cha kufutia lenzi shingoni. Kazi yake ilikuwa kuonyesha watu picha za usafi wa choo na za kuogesha ng'ombe dawa. Msaidizi wake, aliyekuwa akizieleza kwa kipaza sauti, alipatwa na homa siku ya pili, na Bwana Omari akanitaja mimi. Nikaeleza choo. Nikaeleza ng'ombe. Siku ya tano watu walikuwa wamekijua choo kile kuliko vyao.

Lakini Mwakio alikuwa na mikebe mingine ya filamu ndani ya lori, imefungwa kwa ukanda wa ngozi, aliyokuwa ameagizwa kuifikisha kwenye klabu ya maafisa huko mbele. Bwana Omari aliiona alipokwenda kumpelekea chakula. Mwakio alikuwa akila na kulala kwake bure muda wote huo.

"Ile si ya Waafrika kuona, Bwana Omari," nilimsikia Mwakio akisema kupitia mabati. "Ina bunduki. Siku hizi za hali ya hatari, wakijua nimeonyesha watu weusi picha ya bunduki, kazi imekwisha, na mimi pengine nimekwisha."

"Wakijua nani, mwanangu? Atakayekuja kuwaambia avuke vipi? Maji yametuzunguka. Nawe mwenyewe umepata kuiona?"

"Vipande tu," Mwakio akasema. "Sijaiona mwanzo mpaka mwisho."

Waliionyesha ghalani, baada ya sala ya alasiri, madirisha yamezibwa kwa magunia na milango imefungwa kwa ndani. Joto lilikuwa la kuchemsha yai. Pamba ya msimu uliopita ilikuwa bado imelundikwa upande mmoja, na watu walikaa juu yake, wanawake nyuma, wazee kwenye mabenchi ya shule yangu. Vumbi la pamba lilielea katika mwanga wa mashine. Mimi nilisimama kando ya shuka jeupe, na kazi yangu ilikuwa kusema kwa Kiswahili, na mara nyingine kwa Kipokomo, kile kilichokuwa kikisemwa.

Sijapata kufanya kazi mbaya kama ya siku ile ya kwanza. Picha ilianza na mazishi. Wanaume wenye makoti marefu walisimama kwenye mvua wakimzika mtu, na robo saa baadaye yule aliyezikwa alikuwa hai, kijana, anabeba mabonge ya barafu mgongoni akipandisha ngazi za watu. "Amefufuka?" mzee mmoja akauliza. Kiingereza chao hakikuwa cha misheni. Kilitoka puani na kukimbia. Wote walivaa kofia za namna moja, na kwetu sisi nyuso zile nyeupe zilifanana, hata nikamwita polisi jambazi na jambazi polisi. Watu walifuata kofia moja yenye ukingo uliokunjika, wakambatiza mwenye nayo Mtu wa Kofia, na hivyo ndivyo tulivyomjua. Bibi Hawa, mjane aliyeuza maandazi mbele ya duka, alichoka na fumbo hilo akaniuliza kwa sauti mbele ya wote, "Mwalimu, kwani huyu ni mbaya au ni mzuri? Tuambie tujue."

Nilisema ni mbaya. Dakika ile ile Mtu wa Kofia alikuwa amepiga magoti anamvalisha mama yake viatu, kwa sababu mama alikuwa amevimba miguu, na nikajihisi kama niliyesema uongo.

Watu waliomba ionyeshwe tena kesho yake, na hapo nikaielewa. Ilikuwa hadithi ya marafiki wawili waliokuwa wakibeba barafu pamoja. Mmoja alikuwa na moyo, mwingine alikuwa na akili ya kuendesha gari. Mwenye moyo, ndiye Mtu wa Kofia, akaanza kuiba, akaanza kuua, akapanda, akajenga nyumba yenye ngazi mbili. Mwenye akili akawa dereva wake. Mtu wa Kofia alimwua mwenye duka aliyekuwa amemfadhili utotoni, akamwua huku analia, kisha akafuta machozi akala nyama choma ya sahani nzima. Nilichukia, na nilishindwa kugeuza macho. Nilitaka akamatwe na nilitaka atoroke. Niliona jinsi alivyoingia mlangoni, watu wakisogea, nikajikuta nimevimba kifua pale kando ya shuka, mimi kijana wa misheni, nikitamani niingie mahali namna ile siku moja. Kisha polisi wakamkamata dereva. Walimweka katika chumba kidogo chenye meza, mkubwa wao akamletea kikombe cha kahawa, wala hakumpiga. Alimzungumzisha juu ya watoto wake. Dereva alikizungusha kikombe mezani, akakizungusha tena, halafu akasema mahali na saa. Mtu wa Kofia aliuawa ndani ya kiwanda cha kufulia nguo, katikati ya mashuka yaliyotundikwa na mvuke, akimwita rafiki yake kwa jina, akidhani anakuja kumwokoa.

Nilifasiri mpaka mwisho siku ile. Nilisema, "Rafiki yake amemtaja." Watu walitoa sauti ya chini ya kuchukizwa, mtu mmoja akatema mate, na Bibi Hawa akasema, "Bora yule muuaji." Nilitoka nje nikatapika nyuma ya ghala. Mwakio alinifuata na maji katika bakuli.

"Ni joto," aliniambia.

"Ndiyo, ni joto."

Akabaki amesimama, akifuta lenzi yake ambayo haikuwa na vumbi. "Mimi simwelewi aliyetengeneza picha hii," alisema baadaye. "Hakutuambia tumpende nani. Nikilala naona yule dereva, si yule mwingine. Namwona anakizungusha kikombe."

Siku ya tatu ya picha, Barisa alikuja. Mafuriko yalikuwa yamemsukuma kutoka malishoni, naye alikuwa amekaa kwenye kilima cha mchanga karibu na mji akisubiri maji yashuke, kama mji mzima ulivyosubiri. Alipitia kwangu kwanza. Alikaa kwenye kile kiti, akachungulia chini ya kitanda, akaona gunia lipo, akaridhika. Nilimpa wali na maharagwe. Alikula kwa raha, akaniambia kwamba safari hii ikifika salama ataacha. Kwamba ng'ombe kumi na wawili wanamtosha mtu kuanzia. Kwamba mke wake amejifungua binti na yeye hajamwona ila siku tatu. Nilikuwa nimeketi kitandani, magoti yetu yamekaribia kugusana. Ningeweza kusema sentensi moja. Nilikuwa nayo mdomoni, imekamilika, na nilisikia upande wa pili wa mabati Bwana Omari akikohoa, nikajiambia nitasema tukitoka, na tulipotoka nikajiambia nitasema baada ya picha.

Barisa hakuwa amewahi kuona picha yoyote. Alikaa mbele, chini, miguu ameikunja, na mwanga ulipogonga shuka alirudi nyuma kidogo kisha akatulia. Alimpenda Mtu wa Kofia tangu mabonge ya barafu. Alicheka mahali ambapo hakuna mwingine aliyecheka. Yule mwenye duka alipouawa, Barisa aligeuza uso na kuniangalia, kana kwamba mimi ndiye niliyefyatua. Kisha tukafika kwenye chumba kidogo chenye meza. Nilimwona mkubwa wa polisi akileta kikombe. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwa Barisa. Uso wake ulikuwa umeinuliwa, mwanga umemjaa, na mdomo wake umefunguka kama wa mtoto.

"Wanamwuliza," nikasema. "Wanamwambia amtaje mwenzake."

Dereva akazungusha kikombe.

"Amekataa," nikasema. "Anasema hamjui mtu huyo. Hasemi neno."

"Mwalimu," Bibi Hawa akasema kutoka nyuma, "jana ulisema amemtaja."

"Jana nilikosea. Leo nimesikia vizuri."

"Sasa polisi walijuaje mahali pale?" mzee mmoja akauliza.

"Walimfuata wenyewe. Walimwona kwa darubini."

Manung'uniko yakaanza, maana wengi wao walikuwa wameiona mara mbili. Barisa akageuka, akawatazama, akainua mkono kidogo. "Mwacheni mwalimu," alisema. "Yeye ndiye anajua Kizungu." Na kwa kuwa ni Barisa, wakaniacha. Picha ikaendelea hadi kwenye mashuka na mvuke, na Mtu wa Kofia akaita jina la rafiki yake, na nikasema, "Anamuaga mwenzake," nikaacha kufasiri mpaka mashine ikazimwa.

Tulitembea hadi ukingo wa mto. Jua lilikuwa bado juu, maji ya kahawia yakipita na magogo na mara moja kuku mfu. Barisa alikuwa na furaha ya mtu aliyeonyeshwa kitu kikubwa. Alisema yule Mtu wa Kofia alikosea kuua aliyemlisha, hilo hatalisahau Mungu. Lakini alikuwa na bahati moja. "Rafiki yake alifunga mdomo," alisema. "Mtu akiwa na mmoja kama huyo, hata akifa, amekufa vizuri." Akaniwekea mkono begani. Nikatazama maji. Yalikuwa yamekwisha kushuka kwa urefu wa kiganja. Alama ilionekana kwenye mkuyu.

Sikusema. Nimetafuta maneno ya kuandika hapa yatakayoeleza kwa nini, na sina. Siku sita baadaye kivuko kilifunguliwa. Mwakio alivuka wa kwanza na mikebe yake, akanipungia mkono kwa kitambaa, na sikusikia habari zake tena. Barisa alichukua gunia chini ya kitanda changu asubuhi moja nikiwa shuleni. Aliacha kibuyu cha maziwa mezani. Walimkamata kwenye njia ya ng'ombe nyuma ya Kilelengwani, katika nyasi ndefu, askari wanne waliokuwa wamelala hapo siku mbili. Bwana Omari aliletewa habari hiyo na msafiri wa kwao. Alikuja mlangoni kwangu mwenyewe, akasimama, akanitazama muda mrefu kwa yale macho yake ya upole, akasema, "Mwisho wa mwezi nitakihitaji chumba hiki, mwalimu." Barisa alifungwa miaka minne. Mimi nafasi yangu ya chuo ilikuja mwezi uliofuata, katika bahasha ya kahawia.

Niliporudi Garsen baada ya miaka kadhaa, nilirudi mkuu wa shule. Ilikuwa na madarasa manne sasa, na kengele. Asubuhi moja ya muhula wa kwanza, nikiwa mbele ya darasa la kwanza nikiandika herufi ubaoni, nilimwona mtu amesimama mlangoni. Alikuwa amekonda hadi mifupa ya uso, anakohoa kwa kujizuia, nywele zimeingia mvi kabla ya wakati. Kando yake alisimama msichana mdogo mwenye shanga za bluu shingoni. Nilitoka nje. Tuliamkiana kwa urefu kama ilivyo desturi, habari za nyumbani, habari za mifugo, habari za afya, na kila jibu lilikuwa njema.

"Barisa," nikasema, "ni mimi niliyemwambia yule Mzungu."

"Najua."

Alisema taratibu, bila kunitazama, akitazama mto. "Mwaka wa kwanza sikujua. Nilifikiri ni Omari. Kule ndani watu hawana kazi jioni, basi mimi niliwaeleza ile picha, yote, kama ulivyotueleza. Waliipenda. Kulikuwa na mtu mmoja alikuwa akifagia jumba la sinema Mombasa. Akacheka, akasema, hapana, yule dereva alimtaja. Nikabisha. Nikamwambia mwalimu wangu anajua Kizungu. Tulibishana siku mbili, karibu tupigane. Halafu nikamkumbuka yule mama wa maandazi. Nikauliza moyo wangu, kwa nini mwalimu aligeuza pale, na siku ile tu?"

Darasani watoto walikuwa wameanza kupiga kelele. Sikugeuka.

"Kunitaja, hiyo ni woga," akasema. "Kila mtu ana woga. Lakini mimi nilikaa mbele yako, mwalimu. Kama ungefasiri vile ilivyo, ningekutazama usoni, na ningejua. Nisingevuka. Ile picha ilikuwa inaniambia, na wewe ukasimama katikati."

Nilitaka kuomba radhi, na nilifungua mdomo, naye akainua mkono kidogo, ule ule wa ghalani. Akamsukuma yule mtoto mbele kwa vidole viwili. Wakati ule hakuna Muorma aliyekuwa akileta binti shuleni; hata wavulana tuliwapata kwa kubembeleza.

"Siku ya kesi walinipa karatasi, nikaweka dole gumba," alisema. "Sikujua inasema nini. Mtu alinifasiria. Mpaka leo sijui kama alifasiri yote. Huyu anaitwa Halima. Mfundishe asome mwenyewe. Mfundishe na Kizungu. Sitaki katika nyumba yangu mtu asubiri tena kuambiwa na mwingine."

Akaniachia mkono mdogo wa Halima, uliokuwa na joto na jasho, na akaondoka akifuata ukingo wa mto, akikohoa. Nilimwingiza darasani. Hakukuwa na nafasi mbele, nikawasogeza wawili nikampa. Aliutazama ubao, akanitazama mimi, akaonyesha kwa kidole alama ya kwanza niliyokuwa nimeiandika na kuniuliza, kwa Kiswahili cha kwao cha malishoni, ile inasema nini.

"Hiyo ni a," nikamwambia.

Aliitazama tena kwa makini, muda mrefu kuliko watoto wengine walivyofanya, kisha akamgeukia msichana aliyeketi kando yake, akamwuliza kama ni kweli.